Mbao zinapasuka omoni na jahazi langu dogo limepinda: nimekosea wapi?

Mtoto_wa_Nahodha aliuliza:

Wakuu salaam. Mimi ni mtu wa ofisini, Dar, hesabu na risiti kutwa nzima. Tangu Ramadhani nimejitia kwenye kazi ambayo mke wangu anaiita "ile takataka ya varandani": najenga jahazi dogo la mbao.

Sababu ni mzee wangu. Alikuwa nahodha, akibeba boriti kutoka delta ya Rufiji kwenda Unguja miaka ya 1970. Sasa ana miaka 81, akili timamu, ila magoti hayamfikishi tena pwani. Picha aliyobaki nayo ni moja tu: maji yametoka, chombo kimekaa mchangani pale Malindi, Unguja, na yeye kasimama tezi, yaani nyuma ya chombo, mkono mmoja juu ya kana, ule mpini wa usukani. Nataka nimpelekee kitu cha kushika.

Anasema chombo kilikuwa "futi arobaini na sita, si pungufu". Hiyo ni mita 14, kwa hiyo nikachagua kipimo cha 1 kwa 20, yaani sentimita 70. Nilipakua ramani ya meli ya Kizungu mtandaoni nikaibadilisha umbo kwa kukisia picha. Mataruma, yaani mbavu za chombo, tisa ya plaiwudi ya milimita 4, nikayasimamisha juu ya mkuku, ule uti wa chini, kisha nikaanza kuvika mbao za mkangazi, upana milimita 10, unene 2, kwa supagluu.

Nilianza upande wa kulia, nikaumaliza wote, mbao kumi na saba. Kila ubao ulipofika omo, yaani mbele ya chombo, ulitoa mlio "taa!" ukapasuka, au ukakaa juu ya mwenzake kama magamba ya samaki. Nikajikaza nikamaliza. Asubuhi naamka, nakitazama chombo kwa nyuma: mkuku umepinda kama ndizi, hanamu (mti wa mbele) inaangalia Kigamboni na fashini (mti wa nyuma) inaangalia Ubungo.

Nitupe nianze upya au kuna dawa? Na mbao gani hasa inafaa? Sina mashine, nina msumeno mdogo, randa, patasi mbili na drili ya mkono ya kukopa.

---

Mchongaji_wa_Forodhani alijibu:

Kaka, unajitesa bure. Mimi nauzia wageni, sijawahi kuweka taruma hata moja. Chukua vipande viwili vya mwembe, vibandike katikati, chonga nje kwa tezo ndogo na randa, pasua, toboa ndani kwa patasi, bandika tena. Siku mbili chombo kimesimama, hakipindi kwa sababu ni gogo. Ukitaka mistari ya mbao chora kwa ncha ya msumari na rula. Mgeni hahesabu mataruma.

---

TezoKuukuu alijibu:

Mgeni hahesabu, lakini huyu anampelekea nahodha. Nahodha atahesabu.

Aleikum salaam mwanangu. Mie ni wa Nungwi. Nimeshika tezo miaka thelathini na ushei, mashua na majahazi, mpaka mgongo uliponambia basi. Sasa nakaa kivulini nafanya vidogo, na makosa yako yote nimeshayafanya, kwa hiyo usione haya.

Anza na ile ramani, itie jikoni ichomee chapati. Wenzetu wanasimamisha mataruma yote kwanza halafu wanavika mbao juu yake. Sisi kwetu fundi anaweka mkuku, anasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, anaweka mataruma machache ya kumwongoza macho, kisha mbao zinapanda. Umbo la chombo linatoka kwenye mbao, na mataruma mengine yote yanakuja baadaye, yanachongwa kufuata tumbo lililokwisha kuwapo. Hakuna karatasi. Mwalimu wangu alikuwa na kamba yenye mafundo na kijiti, na chombo kilitoka sawa.

Kwa kidogo chako fanya hivi. Zile plaiwudi zako tisa zigeuze ziwe kalibu, maumbo ya kushikia mbao kwa muda tu. Funga mkuku kwa skurubu juu ya ubao mnene ulionyooka, usiuguse mpaka mbao zote zimepanda. Mkuku ulioachwa huru mezani lazima upinde, hauna ubavu wa kushindana na gundi. Halafu chonga kingo za kalibu. Nakuhakikishia uliziacha zimekatwa wima. Mbele na nyuma mwili wa chombo unageuka, sasa ubao ukifika pale unashika kona moja ya plaiwudi tu, kama mtu aliyekalia ncha ya kiti. Hapo hapo ndipo unapovunjika. Chukua kijiti chembamba, kilaze kwenye kalibu tatu kwa pamoja, uone kinapogusa na kinapoelea, upige msasa mpaka kilale kitako chote. Kazi hiyo peke yake inakula jioni mbili. Usiikimbie.

Bandika mbao zako kingo kwa kingo, zishikane zenyewe kwa zenyewe, si na kalibu. Kwenye kalibu pitisha nta ya mshumaa ili gundi isishike. Ganda likishakauka utazing'oa, utabaki na tumbo tupu la mbao jepesi kama kifuu. Ndipo utie mataruma ya kweli. Na hapa usinunue kitu. Mataruma ya vyombo vikubwa tunatafuta mti uliojikunja wenyewe, tawi na shina, nguvu ya mti inafuata mkunjo. Mikoko usiguse, haikatwi bila kibali, na kwa udogo huu haina haja. Nenda kwenye mpera. Matawi yale yale tuliyokatia panda za manati tukiwa watoto: magumu, yamejikunja, hayapasuki. Yapasue katikati, yachonge yawe milimita 5 kwa 5, yatakaa ndani ya tumbo kama yalizaliwa mle.

Sasa mbao. Mkangazi ni mzuri kwa macho lakini nyuzi zake nyingi zinapishana, ukiukunja nyuzi moja inasema njoo, nyingine inasema siji. Hapo Dar nenda Keko kwa mafundi fenicha uombe mabaki ya msaji. Ule msaji wa mashamba ya Longuza na Mtibwa unafika mpaka huko na mabaki wanatupa motoni. Chagua kipande chenye nyuzi zilizonyooka kama mistari ya daftari. Una kasoro moja msaji: una mafuta. Kabla ya gundi ufute kwa spiriti, la sivyo baada ya mwezi mbao zitaachana moja moja. Ukikosa, mwembe mkavu unafaa, ila upake dawa ya wadudu, mwembe unaliwa na bungua kabla mzee hajaupokea.

Kukunja. Loweka ubao kwenye maji ya moto nusu saa, beseni refu au bomba lililozibwa chini. Washa jiko la mkaa, laza bomba la chuma la inchi moja juu yake, ungoje mpaka tone la maji likidondoka lirukeruke. Sasa shika ubao mbichi kwa mikono miwili, ulaze juu ya bomba, usukume pole pole kwenda na kurudi. Usilazimishe. Mkono utasikia ubao unakubali, unalegea ghafla kama mtoto aliyepata usingizi. Ukunje zaidi kidogo ya unavyotaka, maana ukipoa hurudi nyuma. Omoni ubao haukunjwi tu, unasokotwa pia, kwa hiyo shika ncha kwa koleo lililofungwa kitambaa uusokote ukiwa bado wa moto. Kisha ubane chomboni mkavu, bila gundi, kwa vibanio vya nguo, ulale. Kesho yake ndio gundi.

Na tuzungumze magamba ya samaki. Umezivika mbao za upana mmoja kutoka tezi hadi omo, sivyo? Chombo ni kinono katikati na chembamba mwisho. Chukua ukanda wa karatasi, upime kutoka mkuku hadi ukingo wa juu kwenye kalibu ya katikati. Kama ni milimita 170 na una mbao 17, kila ubao ni 10. Pima vile vile mbele kabisa. Kama hapo ni 102, basi kila ubao ukifika pale uwe 6. Weka alama kwenye kila kalibu, chonga kila ubao kwa randa kulingana na alama zake. Ukiona hesabu inakwambia ubao ushuke chini ya nusu ya upana wake, usikubali, ncha nyembamba hivyo haishiki msumari wala gundi. Ubao mmoja ufie njiani na jirani yake achukue nafasi. Hata kwenye vyombo vikubwa tunafanya.

Panda kulia, panda kushoto. Ubao mmoja huku, mwenzake kule, siku hiyo hiyo. Kumaliza upande mmoja wote ndiko kulikokupa ndizi.

Supagluu weka mbali. Inashika kabla hujarekebisha, inaacha ukungu mweupe kwenye mbao, na ikizeeka inakatika kama biskuti. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Na ukitaka kazi isimame, kila ubao upigie vijiti. Toboa tundu la milimita moja na nusu, ingiza njiti ya meno iliyochovywa gundi, kata, piga msasa. Chombo cha kweli kina safu za misumari mbili mbili kwenye kila taruma, kila msumari umevikwa pamba yenye mafuta shingoni. Njiti zako zikikaa kwenye safu hizo hizo, mzee ataona.

Limenitoka refu. Rangi tutazungumza ukifika huko.

---

Mchongaji_wa_Forodhani alijibu:

Mzee shikamoo. Nimenyamaza. Ila hilo la njiti naliiba, kesho liko sokoni.

---

Muskati_77 alijibu:

Salaam kutoka Maskati. Mimi si fundi, ni mtu wa kutazama tu, lakini huku vyombo vimewekwa barabarani kama sanamu. Ile "Sohar", iliyosafiri mpaka Uchina mwaka 1980 hadi 1981, ipo kwenye mzunguko wa njia karibu na hoteli ya Al Bustan, na ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari. Nikikaa jioni kule naona mishono mbao kwa mbao.

Ninachotaka kumwambia kijana: kabla hujakata mbao nyingine, tazama tezi kwenye picha ya baba yako. Ukiona nyuma imekatwa bapa, kama mlango, ni jahazi. Ukiona nyuma imechongoka kama mbele, ni bumu, na hanamu yake itakuwa imelala mbele mno, ndefu. Jahazi hanamu yake husimama karibu wima. Watu wengi huku wanauza chombo kidogo chenye omo la bumu na tezi la jahazi, na mnunuzi haulizi. Ukienda Sur utaiona "Fatah al-Khair", ghanja ile, aina nyingine ya chombo cha huku, tezi yake imenakshiwa. Usije ukadhani kila chombo kina nakshi kwa sababu hiyo tu. Cha baba yako kilibeba boriti, hakikuwa cha sultani.

---

Mtoto_wa_Nahodha alijibu:

Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Tezi ni bapa. Hanamu yangu ilikuwa imelala kama ya bumu, nilikuwa najenga mnyama asiye na jina. Leo nimekivunja chote. Mke wangu amepika kwa kuni za mkangazi.

---

Binti_Mshoni alijibu:

Hodi hodi. Mimi nashona nguo Tanga, lakini babu yangu alikuwa mshona matanga, nimekulia chini ya kitambaa. Naongezea la tanga maana najua mtaishia kukata shuka la kitanda.

Tafuta merikani, ile pamba ghafi, nyembamba kuliko zote utakayopata. Polista haiwi tanga, inang'aa na haishiki mkunjo. Ifue kwanza mara mbili itoke unga wa kiwandani. Halafu chemsha chai kavu, nzito kabisa, majani vijiko vitano kwenye lita moja na chumvi kidogo, loweka usiku kucha. Weupe wa dukani unaua chombo chote. Tanga la kazi lina rangi ya jua na jasho.

Tanga la kweli halikatwi kipande kimoja, limeungwa kwa vipande virefu. Kwenye kipimo chako usishone kwa cherehani, uzi utaonekana mnene kama kamba ya ng'ombe. Mimi nakunja kitambaa milimita moja, napitisha pasi, kisha nachora mshono kwa penseli ngumu iliyochongwa sana. Ukingo wa pembeni ndio ushone kwa mkono, ukiingiza uzi mnene ndani yake, sisi nyumbani tulikuwa tunaita kamba ya ukingo tu.

Pembe ya mbele utazame kwenye picha. Tanga la ngalawa huishia ncha, lakini vyombo vikubwa vingi vina ukingo mfupi pale mbele. Ukikosea hapo, mtu wa bahari anajua kabla hajakaa.

Na likiwa bado bichi lifunge kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, weka puto lililopulizwa kidogo nyuma yake, liache likauke hivyo. Litabaki limeshiba upepo.

---

Mtoto_wa_Nahodha alijibu:

Wakuu, wiki sita zimepita. Nimerudi.

Mbao za msaji nilipata Keko bure, kijana mmoja alinipa mfuko mzima akidhani ni za kuwashia jiko. Bomba la moto lilinichoma mara mbili, na mbao nne za kwanza nilizivunja kwa haraka zangu. Ya tano ilikubali. Mzee TezoKuukuu, ulisema mkono utasikia, na kweli, kuna sekunde moja ubao unaacha kugoma. Nilimwita mke wangu aje ajaribu, naye akaipata mara ya kwanza, jambo ambalo sijamsamehe.

Hesabu ya karatasi ilitoka 9.8 katikati na 4.6 mbele. Mbao mbili kila upande zikafia njiani. Mataruma ni mpera wa jirani, thelathini na mbili. Makapi ya kupitishia kamba nimechonga kwa mabaki ya mpingo niliyopewa na mchongaji pale Mwenge. Mkuku umenyooka, nimeupima kwa uzi.

Sasa nauliza rangi. Kwenye mtandao wanasema kati ya mbao uweke karatasi nyeusi ionekane lami.

---

TezoKuukuu alijibu:

Hongera mwanangu, na mkeo zaidi.

Karatasi nyeusi ni ya meli zao. Wao wanaziba kwa lami. Sisi tunakalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, mshono haubaki mweusi. Acha hivyo hivyo, vumbi la msasa lililochanganywa na gundi linatosha kuziba matundu.

Juu ya maji paka mafuta, usipake vanishi inayong'aa. Chombo kinapakwa sifa, mafuta ya papa, kinakuwa cheusi cheusi na kinanuka mpaka mtaa wa pili. Wewe tumia mafuta ya kitani, tabaka mbili nyembamba, mzee atajua ulichokusudia na nyumba haitanuka. Chini ya maji ni deheni, chokaa na shahamu. Changanya chokaa na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, paka kwa brashi ya manyoya mabaya ili michirizi ionekane. Mstari wa juu usiunyooshe kwa rula sana, hakuna aliyetupakia rula tukiwa tumepiga magoti matopeni tukikimbizana na maji kujaa.

Juu ya sitaha weka sanduku la mchanga la kupikia. Na tezi, kwa nje, kile kisanduku cha choo. Wanaojenga wanakisahau, wanaona aibu. Aliyekaa humo kusi inavuma hakisahau.

---

Mtoto_wa_Nahodha alijibu:

Kimefika. Jumapili nilikipeleka Temeke kwenye sanduku la televisheni.

Mzee alikishika kwa magoti, hakusema kitu kwa muda. Kitu cha kwanza alichogusa ni choo, akacheka mpaka mama akatoka jikoni. Akahesabu mataruma kwa kidole, kama ulivyosema. Akauliza kana ni ya mti gani, nikamwambia mpera, akaguna.

Halafu akageuza chombo, akatazama mlingoti. Kamba za kuushikilia nilizifunga pande zote mbili, tatu kulia tatu kushoto, nimezikaza vizuri, kazi ya jioni nzima. Akaniuliza: "Hizi za upande wa tanga, tanga lako litapumulia wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza kwamba upande upepo unakotoka ndiko kamba zinakofungwa, na nahodha akigeuza chombo vijana wanazifungua na kuzihamisha pamoja na foromali. Zile za upande wa tanga zinalegezwa. Mimi nilikuwa nimebaki na ramani ya Kizungu kichwani bila kujua.

Swali langu la mwisho kabla sijafungua: hizo tatu nizikate kabisa au nizifunge mlingotini?

---

TezoKuukuu alijibu:

Hilo mie ndiye niliyesahau kukwambia, mwambie baba'ko nimekiri.

Usizikate. Zilegeze, zikusanye, zifunge chini ya mlingoti kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Na muulize yeye fundo gani, kila chombo kilikuwa na lake.